Siwatu Aliyekula Nyama ya Taifa

Nchi yenyewe ipo, wala si mbali, ila ukiitafuta kwenye ramani utakuta pahali pake pameachwa peupe. Majina yalipendekezwa mengi siku ya uhuru. Lakini kila aliyependekeza alisimama akasema basi litangulie la mwenzangu, na mwenzake akasema hapana, la kwako kwanza, mpaka mgeni rasmi akapitiwa na usingizi na bendera ikapandishwa hivyo hivyo. Hadi leo wenyewe wanaiita Nchi, na wanaelewana.

Kuelewana ndiyo kazi kubwa ya huko. Bungeni hawapigi kura, wanaimba. Muswada ukisomwa wabunge wanaitikia kwa sauti nne, na asiyeweza besi anawekwa nyuma mpaka ajifunze. Kwenye njia panda ya mji mkuu hakuna taa, maana taa inamwamrisha mtu, na kuamrishana si uungwana. Madereva wanapeana nafasi. Kuna lori la vitunguu liko pale tangu msimu uliopita. Dereva anawapungia wenzake wapite, wenzake wanampungia yeye, na vitunguu vimeota majani marefu, mama mmoja anayachuma na kuyauza palepale.

Katika nchi hiyo ndiko alikozaliwa Siwatu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Siwatu alikuwa binti wa Mbuga ya Chini, kunakolimwa mpunga, na tangu alipoota meno ya pili kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Unapanda juu ya dungu asubuhi, unapiga kelele na kuvurumisha mawe kwa kombeo mpaka jua linapozama, na ndege hawachoki. Siku moja kombeo lilimkatikia mkononi. Hakushuka kutafuta jingine. Akaanza kurusha kwa mkono mtupu, mkono umenyooka, unazunguka juu ya bega kama lile kombeo lenyewe, na jiwe linatua pale alipolituma. Kwelea wa mbuga ile walikuwa wakimwona wanaahirisha safari.

Alikuwa na mkono, na mdomo alikuwa nao pia. Ukimwambia tangulia, anatangulia. Jambo hilo lilimtia aibu isiyoisha shangazi yake, Bi Pili, ambaye ndiye aliyemlea.

"Mtoto huyu," Bi Pili aliwaambia majirani kwa sauti ya msiba, "ukimkaribisha chai, anakunywa."

Basi balozi wa nchi moja ya mbali alileta kasha la zawadi. Ndani mlikuwa na mipira myekundu migumu kama kokwa, na magongo bapa ya mbao, ambayo Wizara iliyatumia mwaka mzima kusongea ugali kwenye sherehe za kitaifa, na ugali ulikuwa mzuri. Balozi alipokuja kula na kuyaona yakigeuza sufuriani alitokwa na machozi. Akaeleza kwamba huo ni mchezo, unaitwa kriketi. Mmoja anarusha mpira kulenga vijiti vitatu vilivyosimamishwa, mwingine anavilinda kwa gongo. Akiupiga mpira mbali, yeye na mpigaji mwenzake aliye upande wa pili wanakimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana ni alama moja. Lakini akiupiga juu na mtu akaudaka kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka.

Serikali ikasema ni mchezo mzuri kwa sababu una mapumziko ya chai.

Haukupita muda, Nchi ya Ng'ambo ya Mto ikaomba mechi ya wasichana. Redio ikatangaza kwamba wanatafutwa wasichana wenye kurusha, kupiga na kudaka, na zaidi ya yote wenye kuchukuliana. Siwatu alikuwa juu ya dungu na redio ya betri mbovu. Alisikia kurusha, kupiga na kudaka, kisha kwelea wakashuka na hakusikia zaidi.

"Nakwenda, shangazi," alisema jioni ile. "Maisha yangu yote nawarushia ndege, na ndege hawamwambii mtu umeweza. Nataka nirushe mara moja tu mbele ya watu, nione."

Bi Pili alimfungia mihogo ya njiani. "Ukifika huko, mwanangu, usijibu."

"Wakiniuliza je?"

"Hata wakikuuliza."

*

Siku ya kuchagua timu uwanja wa taifa ulijaa. Siwatu alitazama huku na huku akitafuta vijiti na mipira, akaona mkeka na masinia ya pilau.

"Tunarusha saa ngapi?" alimuuliza msichana aliyekaa ubavuni pake.

"Kurusha nini, dada?"

"Mpira."

"Mpira utakuja kwa wakati wake," yule msichana alisema kwa upole, akamsogezea mto wake wa kukalia. "Kwanza tule."

Msichana huyo aliitwa Doto, na Nchi nzima ilimjua. Alizaliwa pacha, wa pili kutoka, na wakunga husimulia kwamba ilisikika sauti tumboni ikisema, tangulia Kulwa. Akakua hivyo. Alikuwa hajawahi kuingia mlango wa kwanza wala kumaliza kitu chochote kilichokuwa kwenye sahani, na kwa ajili hiyo alikwisha teuliwa kuwa nahodha kabla ya timu yenyewe kuwapo. Alikuwa mwembamba kama uzi.

Akasimama Waziri wa Michezo, Masikilizano na Kupeana Nafasi, Mheshimiwa Turufu. Waziri huyu alikwenda kila mahali na kiti chake cha uwaziri, chenye mto wa zambarau, kikibebwa na askari wawili, na kila aliyemsalimia alimwambia, "Karibu kiti." Naye aliyeambiwa alijibu, "Ahsante, Mheshimiwa, nimeshakaa," huku amesimama. Ndivyo ilivyokuwa tangu Waziri akiwa kijana. Kila kitu alimwachia mwenziwe, isipokuwa uwaziri, ambao pengine alisahau kuuachia kwa wingi wa shughuli.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi sina la kusema, aseme Katibu."

"Aseme Mheshimiwa," alisema Katibu.

"Hapana, Katibu."

Pilau ilipoanza kupoa Mheshimiwa ndipo alipokubali kushindwa. "Ndugu zangu, kipaji ni kitu cha mtu mmoja. Leo anacho, kesho anaumwa mafua nacho. Maelewano hayaumwi mafua. Timu ya watu wanaopendana ikifungwa, inafungwa kwa pamoja, na kufungwa kwa pamoja kunakaribiana sana na kushinda. Sasa kuleni, tuwaone."

Hapo Siwatu akafahamu kwamba kula ndiyo mtihani wenyewe. Majaji walikuwa juu ya jukwaa na darubini, wanatazama vidole. Wasichana walikuwa wanasukumiana nyama. Finyango linaondoka kwa huyu, linazunguka sinia lote, linarudi lilipotoka limechoka. Msichana mmoja aliondolewa kwa kumeza kabla ya wenzake. Mwingine alikohoa peke yake.

Kisha tarumbeta ikalia, na askari mwenye glavu nyeupe akaleta sahani iliyofunikwa kawa ya fedha. Akafunua. Ndani mlikuwa na finyango moja la nyama, jeusi, limekaa peke yake. Akaliweka katikati ya sinia, akapiga saluti, akarudi nyuma.

Ile ndiyo ilikuwa Nyama ya Taifa, nyama ya mwisho ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kuachwa. Kila uchaguzi wa jambo kubwa ilitolewa kwenye friji ya Wizara, ikawekwa mbele ya watu, watu wakaiacha, ikarudishwa. Ilikwisha chagua bendi ya polisi, majaji wa mahakama kuu na mabaraza ya mawaziri yasiyokumbukwa idadi. Watoto hufundishwa habari zake shuleni, ila somo hilo huangukia msimu wa ndege, na msimu wa ndege Siwatu hakuwahi kuonekana darasani.

"Karibu, dada," Doto alimwambia jirani yake wa kulia.

"Anza wewe, dada."

"Basi wewe."

"Labda yule."

Karibu ile ikazunguka mkeka mzima ikamfikia Siwatu, aliyekuwa ametoka Mbuga ya Chini tangu jana yake na mihogo ilimwishia njiani.

"Karibu, dada," aliambiwa.

"Ahsante," Siwatu alisema, akaichukua, akaila.

Watu waliokuwapo wanasema hata kunguru walinyamaza. Jaji mmoja aliangusha darubini. Askari mwenye glavu alipiga saluti, akaangalia mkono wake, akaushusha. Siwatu alikuwa anatafuna bado, maana Nyama ile ilikuwa ya kutafuna, na kila alipotafuna watu walisikia.

"Binti," Waziri alisema kwa sauti nyembamba, "umefanya nini?"

"Nimekula, Mheshimiwa. Wamenikaribisha."

*

Wangependa kumfukuza, lakini katika Nchi ile hukumu haipiti mpaka wote wakubali, na katika wote mhukumiwa naye amo. Walimuuliza Siwatu kama anakubali kufukuzwa, akasema hakubali. Jambo hilo halikuwa limetokea kamwe. Wahukumiwa wote walikuwa wakisema, kama wakubwa mmeona vema, nani mimi. Mahakama ikapekua vitabu hadi magharibi, ikaamua kwamba abaki na timu kama mchukua maji, asiguse mpira.

Basi akachukua maji. Na kutoka pale kwenye ndoo alitazama timu ya taifa ikijifua. Asubuhi walifanya mazoezi ya kutabasamu. Mchana walikaa duara wakasifiana. Jioni walitoa mipira, na mrushaji alimwuliza mpigaji angependa urushwe upande gani, mpigaji akamwambia utakapoona wewe, mrushaji akaona aibu, mpira ukarudishwa kwenye kasha.

Siwatu alikuwa anauma kanga kwa hasira. Vidole vilimwasha.

Siku moja baada ya chakula alikuwa nyuma ya jiko la uwanja anarusha maganda ya nazi kulenga tundu la chungu kilichotupwa. Doto akatokea, akasimama pembeni akisubiri akaribishwe. Alipoona hakaribishwi akakohoa.

"Dada Siwatu."

"Mm."

"Ile Nyama. Ilikuwaje?"

"Ngumu kama kandambili."

"Na raha je?"

"Raha ilikuwapo."

"Mimi sijawahi kula ya mwisho," Doto alisema. "Ya kwanza pia sijawahi. Mimi nakula zile za katikati, ambazo hazina mwenyewe." Halafu akatoa kitu alichokuwa amekificha ndani ya kitenge. Lilikuwa gongo, na lilikuwa bado na ukoko wa ugali. "Nirushie mmoja. Wa kweli. Usiniulize naupenda upande gani."

Siwatu akaokota ganda, akazungusha mkono. Doto hakuliona lilipopita, alisikia tu chungu kikivunjika nyuma yake.

"Rusha tena," alisema Nahodha.

Wakawa wanakutana pale kila siku mchana. Doto alikosa, akakosa, siku moja akapata, na ganda likaruka likaangukia kwenye mboga za mpishi. Doto alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaziba mdomo akatazama kama kuna jaji.

"Waambie wanipange," Siwatu alimwambia siku hiyo. "Wewe ndiye nahodha."

Doto akaacha kucheka. "Mimi nikiambiwa chagua, shoga, nasema chagueni ninyi. Ndiyo maana wakanipa unahodha."

"Basi hicho unachokifanya huku nyuma ya jiko ni bure."

"Najua," alisema Doto, akalifunga gongo lake kwenye kitenge.

*

Timu ya Ng'ambo ya Mto ilikuja kwa mabasi kumi na moja, kila mchezaji na basi lake. Kule kwao wanachagua kwa kipaji tu. Anachukuliwa aliye bora, hata kama aliye bora amempiga mwenzake ngumi asubuhi ile, na kila mmoja anatembea na mpiga zumari wa kumtangulia. Zumari kumi na moja ziliingia uwanjani kwa nyimbo tofauti. Nahodha wao, Kalunde, msichana mrefu mwenye mabega kama ya mwogeleaji, alikuwa hasemi na yeyote katika timu yake ila kwa kupitia mpiga zumari.

Wenyeji walianza kupiga. Mpira ulipopigwa, wapigaji wawili walisimama kila mmoja upande wake wakiitana. "Kimbia dada." "Kimbia wewe kwanza." Palikuwa na muda wa kutosha, kwa sababu kule mbali wachezaji wawili wa Ng'ambo ya Mto walikuwa wameushika mpira mmoja kwa pamoja na hakuna aliyetaka kuuachia. Walivutana mpaka wakaanguka. Wenyeji wakamaliza kubembelezana, wakatembea taratibu, wakasalimiana katikati, wakapata alama. Alama zote za Nchi zilipatikana hivyo.

Wakaingia wageni kupiga. Hao walikuwa wapigaji hasa, lakini mmoja akiupiga mpira mwenzake hakimbii. "Upige wewe, nikimbie mimi?" alisema. "Mimi ni farasi wako?" Ikawa hawapati kitu mpaka mpira uvuke uzio wenyewe, maana hapo alama huja bila kukimbia. Ulivuka mara nyingi. Wale wa kudaka hawakudaka. Mpira ukipanda juu, wenyeji wanne wanakusanyika chini yake.

"Dada, huo wako."

"Hata, ni wako huo."

"Umekuelekea wewe."

Na mpira unashuka katikati yao, pu, nao wanaufuata kwa macho kama watu waliotembelewa na mgeni wakati hakuna chai.

Alama zikasogeleana. Mpigaji wa mwisho wa Ng'ambo ya Mto alikuwa Kalunde mwenyewe, wenzake wakiwa wamekwisha toka uwanjani kwa kununiana, na mpira mmoja mzuri ungetosha kuwapa ushindi. Hapo ndipo msichana mmoja wa wenyeji alipokamatwa na shingo. Alikuwa akiwainamia wageni tangu asubuhi na sasa kichwa hakikuinuka. Akatolewa akiangalia nyasi.

Mwamuzi akasema wanatakiwa kumi na mmoja. Aliyebaki wa akiba alikuwa mmoja, na ndoo yake.

Mheshimiwa Turufu alishauriana na Katibu. "Aingie," alisema, "lakini akasimame kule kwenye uzio karibu na choo cha wageni. Mpira haufiki."

Siwatu akaenda akasimama karibu na choo. Aliyeingia kwa akiba haruhusiwi kurusha, hata kanuni za balozi zinasema hivyo, kwa hiyo aliujua uchungu wake: yuko ndani ya uwanja wa taifa, mbele ya watu wote, na mkono wake hauna kazi.

Mpira ukarushwa. Kalunde akazungusha gongo kwa nguvu zote, akaupiga chini kidogo ya alipokusudia. Ukapanda. Ukapanda mpaka watu wakakinga macho kwa viganja. Chini yake wakaanza kukusanyika, Doto katikati, na zile karibu zikaanza. Doto alikuwa ametazama juu, mikono ameiinua nusu. Ilikuwa mikono ya mtu anayeutaka.

"Chukua wewe, dada," alisema.

Kutoka kule chooni kikasikika kishindo. Siwatu alikuwa anakuja kama anamfukuza kwelea aliyebeba shamba zima, kanga imemfunguka inapepea nyuma, na mdomo wake umefumbuka kwa neno ambalo katika Nchi ile watu wazima hawalitamki mbele ya watoto.

"Wangu."

Akawapita, akampiga Nahodha kiwiko cha mdomo, Nahodha akaenda chini, wengine wakaenda chini juu ya Nahodha, na Siwatu akaudaka mpira kwa mkono mmoja na kuangukia magoti.

Mwamuzi akainua kidole, Kalunde akatoka, na Nchi ikawa imeshinda.

*

Hakuna aliyejua la kufanya. Wimbo wa kushindwa walikuwa nao, mzuri, wa sauti nne. Wa kushinda hawakuwa nao. Bendi ya polisi ilianza ule wa kushindwa, ikaacha, ikaanza tena kwa mwendo wa haraka. Serikali ilituma mbuzi wa kuomba radhi kwenye mabasi yote kumi na moja.

Kamati ikakaa. Makosa yalikuwa wazi: binti amesukuma, amesema lile neno, na Nyama alikwisha kula. Wakamwita Doto atoe malalamiko, mdomo umemvimba kama andazi.

"Nani alikusukuma, mwanangu?" Waziri aliuliza.

"Sijui, Mheshimiwa. Nilikuwa natazama mpira."

"Lakini unaumia."

"Naumia vizuri," alisema Doto, na kamati haikuelewa iandike nini.

Ndipo Mheshimiwa Turufu alipopata fikra iliyoonyesha kwa nini ni waziri. Nyama ya Taifa, alisema, haikupotea. Imehama. Imeingia kwenye damu ya binti huyu, na ndiyo iliyodaka. Kwa hiyo Siwatu si Siwatu tena, ni Nyama. Apewe mwavuli, mto wa hariri na pilau kila Ijumaa. Na katika kila uchaguzi aketishwe katikati ya sinia, watu wakaribishane, wamwache, wafaulu.

"Na kucheza je?" Siwatu aliuliza.

"Nyama haichezi, binti. Nyama inaachwa."

Wakamwuliza kama anakubali. Alifumbua mdomo kukataa, lakini safari hii Bi Pili alikuwa ameletwa kwa gari la serikali, amevishwa kanga mpya, na alikuwa amelia njia nzima kwa furaha. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mtoto wa kutajwa.

"Kubali, mwanangu," alimnong'oneza. "Watu wanatusalimia."

Siwatu alimtazama shangazi yake na ile kanga mpya. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akanyamaza. Nao wakahesabu kunyamaza kule kuwa kukubali.

*

Mechi ya marudiano ikawadia, na timu ya kwenda Ng'ambo ya Mto ikabidi ichaguliwe. Uwanja ukajaa, Kalunde na wenzake wakaalikwa kama wageni wa heshima na kutandikiwa mikeka kumi na mmoja. Waziri alikuwa kwenye kiti chake. Bi Pili, kama mzazi wa Nyama, alipewa mahali pa kusimama karibu naye.

"Karibu kiti, mama," Waziri alimwambia.

"Ahsante, Mheshimiwa, nimeshakaa," Bi Pili alisema. Miguu ilikuwa inamwuma tangu asubuhi.

Tarumbeta ikalia. Siwatu akaletwa chini ya mwavuli na askari mwenye glavu, akaketishwa kwenye sinia kubwa la harusi lililowekwa katikati ya wasichana. Alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Karibu, dada," wasichana wakaanza.

"Anza wewe."

"Tangulia wewe."

Karibu ikazunguka. Ilimpita Siwatu usoni kama nzi. Kalunde aliangalia huku na huku, akampa kiwiko mpiga zumari wake, kisha akachoka na utaratibu huo akasema mwenyewe.

"Samahanini. Huyu si ndiye aliyenidaka?"

"Ndiye," Waziri alisema kwa majivuno.

"Na hamumchukui?"

"Tunamwachia."

"Mnamwachia nani?"

Waziri hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. "Mwenzetu," alisema.

"Basi mimi ndiye mwenzenu," Kalunde alisema, akainuka, akavuka mkeka. "Kama hamumli, namla mimi. Kwetu atarusha kuanzia kesho asubuhi." Akanyoosha mkono.

Na ile timu nzima ya wasichana wenye adabu wakamfungulia njia. "Karibu, dada. Chukua tu. Tangulia." Hata Katibu alisema karibu.

Siwatu aliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono mzuri, wenye sugu. Kurusha ndicho alichokitaka, na hapa palikuwa na mtu aliyekijua alichokitaka. Akamtafuta Doto kwa macho.

Doto alikuwa ameinamisha kichwa. Kovu dogo la kiwiko lilikuwa bado kwenye mdomo wake. Karibu ikazunguka, ikatoka kwa jirani yake wa kulia ikamfikia yeye, naye alitakiwa aipitishe kwa wa kushoto kama alivyoipitisha tangu tumboni. Wa kushoto akangoja. Majaji wakasogeza darubini. Doto aliinuka, akakanyaga pilau, akapiga mkono wa Kalunde pembeni kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Wangu," alisema.

Alilisema vibaya, maana hakuwa na mazoezi. Akalirudia. "Huyu wangu. Atarusha yeye, mimi nikiwa nyuma ya vijiti, na anayekuja na sisi asimame hapa. Asiyetaka aendelee kula."

"Ulichelewa," Siwatu alimwambia, akishuka kwenye sinia, macho yamemjaa maji.

"Nyamaza, nisije nikakurudisha."

Msichana mmoja akasimama. Mwingine akasema mbona umesimama mbele yangu, nilikuwa nasimama mimi, na wakaanza kubishana hapo hapo ni nani aliyesimama kwanza. Lilikuwa jambo baya kulitazama, na wasichana walionekana kulipenda.

Mheshimiwa Turufu alikuwa amekwisha inuka kwa ghadhabu. "Hili neno," alisema, "hili neno la wangu, ndugu wananchi, hili neno la changu na langu, katika Nchi hii, tangu uhuru, nani amewahi kulisikia katika kinywa cha kiongozi?"

Alitulia ili watu wajibu. Nyuma yake Bi Pili alikuwa akimtazama mwanawe akitembea kuelekea katikati ya uwanja, akizungusha bega kulilegeza. Miguu ilikuwa inamwuma kweli. Kiti kilikuwa pale, chenye mto wa zambarau, na alikuwa amekaribishwa. Akakaa.

Waziri akageuka.

"Mama," alisema, na uwanja wote ukasikia, "hicho changu."

Bi Pili hakujibu. Ndivyo alivyokuwa akimfundisha Siwatu, usijibu hata wakikuuliza. Alijiegemeza vizuri, akanyoosha miguu, na kule uwanjani akasikia kijiti kikivunjika.